Nilimkana Kaka Yangu Mbele ya Watalii

Ndugu msomaji, kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami, nitakukumbusha kwa ufupi. Jina langu ni Nives Trevisiol. Nilizaliwa kisiwa cha Murano miaka hamsini na miwili iliyopita, na kazi yangu ni kuongoza watalii Venezia.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi nilivyoliua tanuru la familia yetu. Vizazi sita vya ukoo wetu vilipuliza kioo. Watalii niliowaongoza mimi ndio walionunua kazi za kaka yangu Ottavio. Kisha akatokea Silvestro, mwenye ukumbi mpya wa vioo upande wa pili wa mfereji. Akanisifia macho, akanisifia sauti, nami nikalewa. Nikaanza kuyapeleka makundi yangu kwake. Kaka yangu akabaki na moto wake bila mtu wa kuutazama. Mwaka haukuisha, tanuru likazimwa. Silvestro naye akanichoka, akanitupa kama ganda la chungwa.

Nilieleza pia mazishi ya mama, miaka mitatu iliyopita. Ottavio alisimama mlangoni mwa kanisa na miwani myeusi usoni, akaninyooshea mkono wa kunizuia. "Mama alisema usiguse jeneza lake," alisema. Nikabaki gatini peke yangu, nikitazama boti ikimpeleka mama kisiwa cha makaburi.

Wengi mliniandikia mkasema niliyopata yalinistahili. Sibishi. Lakini mlikuwa hamjasikia la leo.

Ilikuwa mwezi wa tano uliopita. Simu ya ofisini iliingia saa moja asubuhi, nimesimama jikoni na kahawa mkononi.

"Nives, Gigliola ameanguka darajani, kavunjika mguu," alisema Morena, meneja wetu. "Leo unachukua kundi lake. Asubuhi mjini, halafu visiwani."

"Visiwa gani?"

"Swali gani hilo? Murano, Burano, Torcello. Ulidhani nakutuma Sisilia?"

"Morena, unajua mimi siendi Murano."

"Najua. Miaka minane nimekuzungushia ratiba ili usiende. Leo sina mtu mwingine. Usipokwenda leo, kesho usije kazini."

Akakata simu. Kahawa niliimwaga kwenye sinki.

Kundi lenyewe lilikuwa watu ishirini na wawili wa parokia moja ya mji wa Bari, kusini, wengi wao wazee, wote wanasema kwa wakati mmoja. Niliwazungusha uwanja wa Mtakatifu Marko, nikawapitisha kwenye madaraja, wakapiga picha za gondola. Mzee mmoja aitwaye Nunzio alilalamika tangu mwanzo. Njiwa wa Venezia wamekonda, alisema. Wa Bari ndio njiwa.

Lakini aliyenishikilia kama ruba alikuwa Bibi Addolorata, mjane wa miaka themanini, mzito wa masikio, mwenye macho ya kunguru.

"Binti, unasema vizuri sana," aliniambia kwa sauti ya kusikika mfereji mzima. "Lakini macho yako yametoka kulia."

"Ni upepo, bibi."

"Upepo gani? Hata bendera yako imelala."

Botini tulimkuta Kapteni Bepi. Ni mtu wa Murano, tulisoma darasa moja, na habari zangu zote anazo. Aliposoma karatasi ya safari alinitazama kwa huruma.

"Dada Nives, ukitaka, Murano wewe baki botini. Mimi nitawapeleka."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia: hiki ni kioo, ni cha moto, msiguse. Kuna la ziada?"

Nilicheka. Sikucheka tena siku ile.

Karatasi ilikuwa imeandikwa wazi tunakokwenda. Ukumbi wa Silvestro.

Alikuwa mlangoni, amenyoa vizuri, manukato yaleyale. Mvi zimemjaa, lakini tabasamu halijazeeka.

"Nives! Kisiwa kimekukosa."

"Tuna dakika arobaini, Silvestro."

"Zinatosha. Leo umepata bahati. Nina fundi mpya. Utampenda."

Nilipaswa kushtuka pale pale. Sikushtuka. Niliwakalisha watu wangu kwenye mabenchi, nikashika kipaza sauti, nikageukia tanuru.

Nyuma ya tanuru akatoka Ottavio.

Msomaji, kaka yangu alikuwa akitengeneza taa za kuning'inia zenye matawi arobaini, kila tawi na maua yake. Watu walikuja kutoka nchi za mbali, wakangoja miaka miwili kupata moja. Siku ile alikuwa amevalishwa fulana nyekundu yenye jina la Silvestro mgongoni, kama mchezaji wa timu ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza farasi wadogo wa kuwafurahisha watalii. Farasi mmoja kwa kila kundi.

Nilijikaza kisabuni. Nikafungua kinywa.

"Mabibi na mabwana, bingwa wetu sasa atachota kioo kilichoyeyuka..."

Ottavio alisimama ghafla, bomba mkononi. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia kitu ghorofani. Kisha akaendelea. Akachota donge, likawaka kama jua la jioni, akaanza kulivuta kwa koleo. Shingo ikatoka. Mguu wa kwanza. Wa pili.

Hakunitazama hata mara moja. Uso wake ulinigeukia, lakini macho yalikwenda ukutani, pembeni ya bega langu. Nikajisemea, ananichukia kiasi hicho. Hata kunitazama anaona kinyaa.

Mguu wa tatu.

Ndipo Bibi Addolorata alipopaza sauti.

"Binti! Mbona pua zenu zinafanana? Huyu si ndugu yako kweli?"

Watu ishirini na mmoja waligeuka kunitazama. Silvestro alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono, anatabasamu, anangoja jibu. Nilijua kwa nini alimwajiri kaka yangu. Alitaka siku hii.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Lilikuwa kooni, msomaji, naapa lilikuwa kooni. Lakini nilitazama ile fulana nyekundu. Nilitazama tabasamu lile. Aibu ikanipanda kama maji ya mafuriko.

"Hapana, bibi," nilisema. "Hata simjui."

Nilikuwa nimesahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. Maneno yale yalizunguka ukumbi mzima, yakagonga kuta, yakanirudia.

Koleo liliteleza. Farasi wa miguu mitatu akadondoka.

Mtoto yeyote wa Murano anajua hili kabla hajajua kufunga viatu: kioo kikianguka, kiache. Kaka yangu alinyoosha mkono akakidaka.

Hakupiga kelele. Tulisikia mlio mdogo wa kuungua, kisha harufu. Mama mmoja alijifunika uso.

Silvestro alipiga makofi haraka. "Hata mabingwa huteleza, mabibi na mabwana! Karibuni dukani, huku, huku, kila kitu kimetengenezwa kwa mkono!"

Watu walinyanyuka wakasukumana kuelekea dukani. Mimi nilisimama. Hatua kumi tu zilikuwa kati yangu na kaka yangu, naye ameutumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, amenipa mgongo.

Kisha nikasikia jina langu.

"Nives."

Mara moja tu, taratibu, kama alivyokuwa akiniita utotoni tukijificha mama asitusikie.

Niliinua kijibendera changu. "Tufuatane jamani, boti inasubiri," nikasema. Nikatoka.

Kutoka Murano hadi Burano ni mwendo wa nusu saa na zaidi. Nilieleza historia ya kila kisiwa tulichopita. Sijui nilisema nini. Bepi alinitazama mara moja tu, akarudisha macho majini. Alikuwa amekwisha kusikia. Murano ni kisiwa kidogo.

Burano tulikula wali wa samaki kwenye meza ndefu kando ya mfereji. Nyumba za rangi, nguo zinaanikwa madirishani, wageni wangu wanashangilia. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko tu.

"Hujala," alisema Bibi Addolorata.

"Nimeshiba, bibi."

"Mimi niliuliza swali baya kule, eh?"

Kabla sijajibu, kivuli kilisimama juu ya sahani yangu.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, amevaa aproni ya duka la lesi, simu mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Nilimtambua kwa nyusi. Mara ya mwisho nilipomwona karibu alikuwa bado na waya za kunyoosha meno. Ni Fosca, binti wa Ottavio.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Au nikuite mwongozaji? Nisije nikawa nakosea, labda hata mimi hunijui."

Nunzio aliacha kutafuna.

"Fosca, tukazungumze pembeni."

"Pembeni kwa nini? Ulimkana mbele za watu. Tuzungumze mbele za watu."

"Baba yako hakutaka hata kunitazama!" nilifoka. Sijui kwa nini nilifoka. "Nimesimama mbele yake dakika kumi, anatazama ukuta!"

Fosca alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa.

"Shangazi," alisema, na sauti yake ikashuka. "Baba haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho yameisha. Moto wa tanuru umeyala miaka na miaka. Walimfanyia upasuaji jicho moja, halikushika. La pili wakaogopa kuligusa. Anaona mwanga na vivuli, basi. Wale farasi anawatengeneza kwa kukumbuka. Silvestro hakujua. Leo ndiyo amejua."

Niliweka kijiko chini.

Nikakumbuka miwani myeusi kwenye mazishi. Miaka mitatu nimeamini ilikuwa ya kufichia machozi.

"Basi kwa nini alikwenda kufanya kazi pale?" niliuliza. "Kwa yule mtu? Kwa ile fulana?"

Fosca alijifuta pua kwa aproni. Sasa alikuwa mtoto tena.

"Kwa sababu yako. Ulibadilisha nambari ya simu. Ulihama nyumba. Nani angekupata? Akasema waongozaji wote wa Venezia, mwisho wa yote, hupita kwa Silvestro. Akasema, na Nives atapita. Miezi mitano, shangazi. Kila kundi likiingia ananyamaza kwanza, asikilize sauti ya mwongozaji. Mimi nilimwambia, baba, unajidhalilisha bure. Akasema, nina neno la kumwambia mdogo wangu, na sitaki kufa nalo."

"Neno gani?"

"Hajaniambia."

"Yuko wapi sasa?"

Hapo ndipo alipolia.

"Sijui! Silvestro amemfukuza kabla mkono haujafungwa hata kitambaa. Kamtoa nje na ile fulana yake. Nyumbani hajafika, simu haipokei. Kipofu, peke yake, kisiwa kizima maji pande zote. Nimepigiwa simu kutoka Murano kwamba boti yenu iko hapa, nimefunga duka, nimekuja kwako. Sikujua niende kwa nani mwingine."

Nilisimama.

Tulikuwa bado tuna Torcello. Karatasi ilisema saa tisa Torcello, kanisa la kale, picha, kisha kurudi. Niliwaita watu wangu botini. Fosca akapanda nao. Nilichukua kipaza sauti, na safari hii nilihakikisha kiko wazi.

"Jamani," nilisema. "Yule fundi wa Murano, yule aliyeungua mkono. Bibi Addolorata aliniuliza kama ni ndugu yangu, nikasema simjui. Nilisema uongo. Ni kaka yangu, tumbo moja. Haoni, amepotea, na aliyempoteza ni mimi. Sijui la kufanya. Nawaombeni ruhusa nikamtafute."

Injini tu ndiyo ilikuwa inakoroma.

"Na Torcello?" aliuliza Nunzio. "Tuliambiwa visiwa vitatu."

Bibi Addolorata aligeuka mwili mzima.

"Nunzio, funga hilo bomba lako! Wewe ulimpoteza mkeo sokoni ukaendelea kula pweza. Kapteni, geuza hii boti!"

"Nilikuwa na njaa," Nunzio alinung'unika, lakini alikuwa wa kwanza kusogea mbele na kuanza kuangaza macho majini.

Bepi hakungoja amri yangu. Aligeuza usukani, akashika redio ya boti, akaanza kuwaita manahodha wenzake mmoja baada ya mwingine kwa lahaja yetu ya visiwani.

"Oye, mmemwona Ottavio Trevisiol? Ottavio wa taa. Amevaa fulana nyekundu, mkono umeungua."

Hapana, walijibu. Hapana. Asubuhi nilimwona, sasa hapana.

Kila jibu lilikuwa kisu. Fosca alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, sijui kama alijua ni wangu. Wazee wa Bari walikaa kando kando ya boti, wanatazama maji, wanasali rozari. Siku nyingine ningewaeleza jina la kila nguzo tuliyoipita. Siku ile nilikuwa natazama kila kitu chekundu kinachoelea: boya, ndoo, kipande cha turubai.

Tulipokaribia Murano, baada ya kuzunguka visiwani zaidi ya saa mbili, redio ikakoroma.

"Bepi, ni mimi, Marangon, boti ya abiria. Nilimshusha Ottavio makaburini, saa nane. Mhudumu wangu akamshika mkono hadi ndani, mpaka kwa mama yake. Nilidhani familia inajua."

Fosca alijiangusha kwenye benchi akalia kwa sauti. Yu hai. Wale wazee wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliogopa kuliko nilivyoogopa alipokuwa amepotea.

Tulifunga gatini saa kumi na moja na nusu. Makaburi hufungwa saa kumi na mbili.

"Nenda peke yako kwanza," Fosca aliniambia. "Alikuwa anakungoja wewe."

Nilitembea kati ya miti mirefu, kokoto zikilia chini ya viatu. Kaburi la mama sikuwahi kulifikia, lakini nilijua lilipo. Miaka mitatu nimeliona kwenye ramani.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, fulana nyekundu ameivua na kuigeuza ndani nje, akaivaa tena ili lile jina lisimwelekee mama. Mkono umefungwa leso.

"Unatembea kama mama," alisema kabla sijafungua kinywa. "Kisigino kwanza."

Nilipiga magoti. Yote niliyoyaficha miaka minane yalitoka pamoja, maneno, kamasi na machozi. Nilimwambia ni mimi niliyemwulia tanuru. Nilimwambia kuhusu Silvestro. Nilimwambia sikustahili kugusa jeneza, mama alikuwa na haki, na leo nimemkana mchana kweupe, na kama anataka kunipiga anipige kwa mkono wake mzima.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nisikilize. Hukuliua tanuru wewe."

Sikuelewa.

"Ulichukua watalii, kweli. Iliniuma, kweli. Lakini tanuru letu halikuishi kwa farasi wa watalii, Nives. Liliishi kwa zile taa. Nilikuwa na kazi kubwa mwaka ule, taa ya jumba la tamthilia. Niliiharibu mara tatu. Sikuwa naona matawi. Nilikuwa nimekwisha kuwa kipofu na sikutaka mtu ajue. Nilizima moto kwa mkono wangu mwenyewe. Mama aliponiuliza kwa nini, nikamwambia, ni Nives. Amewapeleka watu wote kwa bwana wake." Akalipapasa jiwe la mama. "Ilikuwa rahisi. Kila mtu aliamini. Hata wewe uliamini."

Ndege walikuwa wanalia juu ya miti. Niliwasikia kama wako nchi nyingine.

"Kaka," nilisema. "Mama alikufa akiamini hivyo?"

"Kuna lingine."

"Alikufa akiamini hivyo?"

"Nives, kuna lingine. Hilo ndilo nililokaa miezi mitano kwenye ule moto nikikungoja nikuambie." Aliikaza leso ya mkononi. "Wiki ya mwisho, mama alikutaka. Alisema, niitie mwanangu. Kila asubuhi, niitie Nives, nataka kumwona, nimemsamehe. Nikaogopa. Nikajua ukija, mtazungumza, na mkizungumza, uongo wangu utatoka. Nikamwambia nimekuita, umekataa kuja."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaburi. Jiwe lilikuwa na joto la jua.

"Alilia siku mbili," alisema Ottavio. "Ya tatu akasema lile neno la jeneza. Jioni akafa."

Wiki ile, msomaji, nilikuwa Venezia, mwendo wa robo saa kwa boti. Nilikuwa napika, nafua, naruka kila simu ya jirani ikilia, nikidhani labda ni yangu.

Kengele ya mlinzi iligonga. "Tunafunga! Jamani, tunafunga!"

Kaka yangu aliinuka kwa kupapasa jiwe la mama. Akaupanga mwili wake wima, mzee ghafla, na kunyoosha mkono wake mzima hewani, kuelekea pale sauti yangu ilipokuwa mara ya mwisho.

"Nishike, mdogo wangu," alisema. "Peke yangu siwezi kufika gatini."

Huko mbele Bepi alipiga honi. Kengele ikagonga mara ya pili.

Nilirudi nyuma hatua mbili, juu ya nyasi, visigino visisikike kwenye kokoto. Mikono niliikunja kifuani. Nikazuia pumzi.

Mkono wake ulikuwa unatafuta hewani, kushoto, kulia, kushoto.

"Nives?" aliita. "Nives, bado upo?"